Masharti ya kujenga apatimenti kwenye viwanja vya ukoo: "nyumba ya heshima" inapimwaje?

Katibu_Bangwe

Wakuu, habari za jioni. Wa nyumbani, salamu zenu.

Niko Kigoma, Bangwe. Shamba la babu yetu limepimwa na kugawanywa viwanja, bikoni za mipaka zimesimama, na kila mtoto na mjukuu anajua chake. Wengi wako Dar, Mwanza, wengine wamevuka mpaka wanaishi Bujumbura, na karibu wote wana wazo moja: apatimenti za kupangisha. Wanasema reli ya kisasa ikitoka Tabora hadi huku, wapangaji watapanga foleni. Sibishani nao. Ila kabla jiwe la kwanza halijawekwa, kikao cha ukoo kilikubaliana tuandike karatasi moja ya masharti, isainiwe na kila atakayejenga nyumba ya familia zaidi ya moja. Nikachaguliwa katibu kwa sababu mimi ndiye mwenye kompyuta.

Rasimu ya wazee inasema hivi: "Nyumba iwe ya heshima, ipendeze, iendane na mazingira, na isimkere jirani." Ikapigiwa makofi. Wiki hiyohiyo binamu yangu wa kiwanja namba tatu akaleta ramani yake: ghorofa tatu, uso wote ziwani, vioo vya bluu toka chini mpaka juu. Baba mdogo akatazama, akasema hii haina heshima. Binamu akauliza kwa adabu kabisa, "Baba, nionyeshe mstari niliouvunja." Hakuna aliyemwonyesha. Baba mdogo akajibu kwamba mwenye macho anaona. Hadi leo hawapokeleani simu.

Msimamo wangu ni kwamba sharti ambalo mimi na mtu asiyenipenda hatuwezi kulipima kwa tepu tukapata jibu moja, hilo si sharti, ni hasira za mtu aliyeshika kalamu. Nasikia kuna miji huko nje imelifanya hili kuwa sheria. Naomba mnisaidie: mambo gani yaandikwe kwa vipimo, vipimo vipi, na yapi tuyaache? Msiniambie tu "muone mtaalamu". Tutamwona, ila sitaki tuende kwake na makofi. Mjue pia eneo letu ni mteremko. Walio juu wanaona ziwa, walio chini wanapokea maji ya kila mtu.

Ramani_Tabora

Katibu, salamu kutoka Tabora. Nilisoma Chuo cha Ardhi hapahapa mjini na riziki yangu ni kupima na kuchora, kwa hiyo nitajibu kwa urefu, nivumilie.

Kwanza karatasi yenu ijue mipaka yake. Haifuti sheria wala haipunguzi kitu. Kibali cha ujenzi kinatoka kwa mamlaka ya mji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na ramani ya ghorofa inapita kwa wataalamu waliosajiliwa. Ninyi mnaweza kukaza zaidi ya sheria, hamwezi kulegeza. Kama kuna kiwanja kinachoshuka hadi majini, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hiyo haina kikao cha ukoo. Mkipanga kuuza nyumba mojamoja ndani ya jengo badala ya kupangisha, kuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo. Isomeni kabla ya kuchora ngazi, kwa sababu ngazi, paa na uwanja vitakuwa mali ya wote.

Huko nje unakosikia nadhani ni California, Marekani. Kule watu walikuwa wanakwamisha nyumba za familia nyingi kwa maneno kama ya baba yenu mdogo: haiendani na haiba ya mtaa, haipendezi. Mwenye kiwanja anachora, bodi inasema bado, anachora tena, mwaka unapita, pesa inaisha. Mwaka 2017 bunge la jimbo likapitisha sheria inayojulikana kama SB 35: katika miji iliyo nyuma ya malengo yake ya nyumba, mradi wa aina fulani ukitimiza vigezo vilivyoandikwa, upitishwe bila mjadala wa kupenda na kutopenda. Mwaka 2019 ikaja SB 330, iliyozuia miji mingi kutunga vigezo vipya vya muonekano visivyopimika. Na kigezo kinachopimika wamekieleza vizuri: kisihitaji maoni binafsi ya ofisa, na kiweze kuhakikishwa kwa kipimo kilicho wazi kwa pande zote mbili kabla maombi hayajawasilishwa. Shika hayo maneno ya mwisho, *kabla*. Kipimo kinachotajwa baada ya ramani kuletwa ni mtego.

Sasa kazi yenyewe. Watu wakisikia "vipimo" wanakimbilia namba: mita tisa, mita tatu. Namba ni rahisi. Ugomvi uko pale tepu inapoanzia.

Chukua kimo. Tuseme mmeandika "nyumba isizidi mita kumi." Kutoka wapi? Mteremko wenu ukishuka mita moja kwa kila mita tano, jengo lenye kina cha mita 15 lina tofauti ya mita tatu kati ya ukuta wa juu na wa chini. Hiyo ni ghorofa nzima. Akipima kutoka barabara ya juu ana ghorofa tatu, jirani wa chini anahesabu nne, na wote wawili wana haki. Mwingine atajaza kifusi kwanza, kisha apime kutoka juu ya kifusi. Kwa hiyo andikeni kwamba kimo kinapimwa wima, kutoka ardhi ya asili iliyo chini ya kila kona ya jengo, kama mpima ardhi alivyoichukua kabla ya kuchimba au kujaza. Mlipeni mpima mara moja achukue miinuko ya viwanja vyote, mchoro mmoja ukae kwa katibu. Bila huo mchoro, sharti la kimo ni maneno matupu.

Umbali wa mpaka nao vilevile. "Mita moja na nusu kutoka mpakani" hadi ukuta, au hadi upenu? Kwa mvua za Kigoma mtu anatoa paa sentimeta 90 nje. Ukuta uko mita 1.5, bati liko sentimeta 60 kutoka kwa jirani, na maji yote yanaruka kwake. Pimeni kutoka mstari wa bikoni hadi kitu kilichojitokeza zaidi, kiwe upenu, roshani au ngazi ya nje.

Hata zile mita 60 za ziwa zina shida hiyohiyo. Ziwa Tanganyika lilivyopanda miaka hii, kuna waliojenga mbali na maji, sasa maji yako mlangoni. Namba haikubadilika, ila inapoanzia ndiko kulikohama.

Dada_wa_Mwanga

Jamani, nimesoma mpaka mwisho nikatafuta neno "mpangaji" kwenye masharti, sijaliona. Kaka Katibu, mnapanga nyumba za kupangisha na hakuna aliyemwuliza anayepanga?

Mimi napanga Mwanga hapa, na kabla yake nilipanga Gungu. Kioo cha bluu hakijawahi kuninyima usingizi. Kilichoninyima ni luku, mita ya umeme, moja ya nyumba nne. Mmoja ana friji la kuuzia barafu, mwingine ana pasi tu, mnagawana sawa. Andikeni: kila nyumba luku yake, mita ya maji yake. Hilo hata tepu halihitaji, unahesabu kwa macho.

La pili jiko. Wachoraji wenu wanachora jiko dogo la gesi, kama kabati. Mtungi ukiisha tarehe ishirini na mshahara ni mwisho wa mwezi, tunafanya nini? Tunawasha mkaa kwenye korido. Kaanga migebuka kwenye korido ya ghorofa ya pili uone majirani watakavyokupenda. Nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba huku na huku, watu wanaicheka, lakini ilikuwa na uani. Uani ndiko kulikopikwa, kukafuliwa, kukaanikwa, watoto wakaoga. Apatimenti imefuta uani, haikuweka kitu mahali pake. Nataka sharti kwamba kila nyumba iwe na sehemu yake iliyo wazi kwa hewa, ya kuweka jiko la mkaa, beseni na kamba ya nguo. Namba mjaze ninyi wenye tepu, ila mtu aweze kuchuchumaa na kugeuka.

La tatu, madirisha. Nilipokuwa naishi Gungu, dirisha la choo cha jengo la pili lilikuwa linatazama meza yangu ya chakula. Sina la kuongeza.

Fundi_wa_Kasulu

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Mimi ni fundi ujenzi, nyumbani Kasulu, kazi nafanya huko na Kigoma mjini. Nawaunga mkono nusu. Nusu nyingine nina hofu nayo, kwa sababu kila mstari mnaouandika kuna mtu ataulipia kwa mfuko wa saruji. Mwenye kiwanja halipi, anahamishia kwenye kodi, na anayelipa ni huyo dada wa Mwanga. Sharti likiwa halizuii madhara kwa jirani au kwa mpangaji, lifuteni.

Nimeona masharti ya watu wengine (sitaji mji) yanayodai ukuta wa mbele uvunjwe kila baada ya mita kadhaa, eti usiwe bapa. Kila kona ni nondo, ni plasta, ni mahali maji yanapopenyea. Na matokeo yake majengo yote yakavunjwa mahali palepale, ukipita mtaani huwezi kusema lipi ni la nani. Kipimo kilitimia, uzuri haukuja.

Lingine ambalo ni zito. Najua mtatamani chini kuwe na fremu za biashara kila jengo, mtaa uchangamke. Msilazimishe. Fremu maana yake mbele hakuna ukuta, ni nguzo na milango ya kukunja, halafu juu ghorofa mbili zimejaa kuta za tofali. Uzito wote na ugumu wote uko juu, chini pamelegea. Sisi tunakaa kwenye bonde la ufa, si Dodoma tu ndiko ardhi inakotikisika. Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga hapohapo chini ya ziwa, likabomoa nyumba ng'ambo ya pili, Kalemie. Waliokuwa Kigoma wanakumbuka. Anayetaka fremu ajenge, ila mhandisi wa miundo asaini akijua kwamba chini ni wazi. Nguzo na nondo msiziandikie vipimo ninyi, hamtaziweza. Andikeni mchoro wa mhandisi uwepo, na hakuna slabu kumwagwa kabla mhandisi hajakagua nondo.

Na chemba ya maji taka, jamani. Watu wanaiweka nyuma ya nyumba, halafu wanazungushia ukuta. Ikijaa, gari linasimama barabarani, mpira haufiki, wanaanza kutapisha usiku kwenye mfereji. Kwenye mteremko wenu huo mfereji unajua unakoelekea. Sharti: kutoka mfuniko wa shimo hadi mahali lori linaposimama isizidi urefu wa mpira wa magari yaliyopo mjini. Katibu, nenda kaulize wenye magari, upate namba kamili.

Katibu_Bangwe

Nawashukuru sana. Nimeshaandika upya mara mbili tangu asubuhi.

Dada wa Mwanga umenikosha. Nimeandika "kila nyumba iwe na uani wake wa juu, wazi upande mmoja au zaidi, eneo lisilopungua mita za mraba nne, upande mfupi usipungue mita 1.5." Upande mfupi nimeuweka kwa sababu namjua binamu yangu, angeleta uani wa nusu mita kwa mita nane na kuniambia nihesabu.

Fundi, la fremu nimelipokea, la kuvunja ukuta nimelifuta. Lilikuwemo kweli.

Yamebaki mawili yanayonitesa. Kwanza, wa juu wanadai tuandike kwamba hakuna atakayemziba mwenzake asione ziwa. Pili, baba mdogo hajaachia vioo vya bluu. Nimemwambia havipimiki, hataki.

Ramani_Tabora

Katibu, hapo kwenye vioo nitakupinga kidogo. Kioo cha bluu kinapimika kabisa. Andika "kusiwe na kioo cha bluu" na kila mtu ataweza kuhakikisha, hata mtoto. Kwa hiyo usimwambie mzee hakipimiki. Mwambie aeleze kinamdhuru nani. Kupimika ni sharti la kuingia mlangoni, si sababu ya kuandika. Hili ndilo kosa naliona likirudiwa kila mahali: watu wakishajua kupima, wanapima rangi, wanapima mtindo wa paa, na yale yanayomuumiza jirani yanabaki kwa sababu ni magumu.

Ila nyuma ya vioo vya binamu yako kuna jambo la kweli, sijui kama mzee ndilo analoliona. Ziwa lenu liko magharibi. Kila mtu anataka dirisha la magharibi aone maji na milima ya Kongo, na kwa Kigoma jua linazama karibu saa moja jioni. Maana yake nusu yote ya pili ya mchana linapiga uso huohuo. Ukuta wa kioo upande ule, mpangaji wa ghorofa ya tatu ataoka. Atafunga mapazia, na ziwa lenyewe halitaonekana tena.

Wengi wanaandika "kila dirisha liwe na kikingio cha jua juu yake cha sentimeta 60." Kwa dirisha la kaskazini au kusini kinafaa, jua la kwetu liko juu. Kwa magharibi hakifai, jua la jioni linaingia kwa chini yake. Saa kumi alasiri huko kwenu jua liko katikati ya utosi na upeo wa ziwa, yaani nyuzi kama 45, hivyo roshani yenye kina cha mita 1.5 inateremsha kivuli cha mita 1.5 ukutani. Saa kumi na moja kivuli kimebaki chini ya mita moja. Kwa hiyo msitoe njia moja, toeni mbili, mtu achague: *ama* dirisha la magharibi liwe nyuma ya roshani iliyoezekwa yenye kina kisichopungua mita 1.5, *ama* jumla ya vioo upande huo isizidi robo ya eneo la ukuta. Sharti lenye njia mbili zinazopimika linampa mchoraji nafasi ya kupumua, na hamtahitaji neno "isipokuwa kwa idhini ya kikao". Hilo neno msiliweke popote. Mkiliweka, mmerudi kwenye heshima.

Na ona, roshani hiyo ya mita 1.5 inaweza kuwa ndiyo uani wa dada wa Mwanga, ikitimiza zile mita nne za mraba. Gharama moja, masharti mawili.

Kuhusu kuona ziwa, ushauri wangu msiandike. Mkimpa kila wa juu haki ya kuona, wa chini hana haki ya kujenga. Wekeni kimo kilekile kwa wote, kilichopimwa kutoka ardhi ya asili. Kwenye mteremko, kila safu itajikuta juu ya ile iliyo chini yake kwa kiasi ambacho ardhi yenyewe imewapa. Anayetaka zaidi ya hapo amnunue jirani.

Dada_wa_Mwanga

Madirisha yanayotazamana hamjayajibu.

Ramani_Tabora

Samahani, dada yangu. Ni haya: dirisha la sebule, jiko au chumba lisitazamane na dirisha la nyumba nyingine kwa umbali chini ya mita sita, upimwe kwa mstari ulionyooka kutoka kioo hadi kioo. Likiwa karibu zaidi, kizingiti chake cha chini kiwe mita 1.7 kutoka sakafuni. Dirisha la choo hivyohivyo, popote lilipo. Sita ni pendekezo langu, viwanja vikiwa vyembamba mtaona ni nyingi.

Fundi_wa_Kasulu

Na maji ya mvua? Katibu alisema mwanzoni wa chini wanapokea ya kila mtu, wote tumepita juu yake.

Msiandike "maji yasiingie kwa jirani", yataingia tu. Andikeni vitu vinavyoonekana: paa lote liwe na gata, gata ishuke kwenye simtanki au karo, na kinachomwagika kiende kwenye mfereji wa zege unaofuata mpaka hadi wa barabarani, usikatike njiani. Ukubwa wa tanki ufuate eneo la paa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 50, ni lita 10,000. Sasa mjue tanki la lita elfu mbili linawadanganya.

Kuhusu kupima, mpime lini? Nyumba ikishaezekwa hakuna wa kuibomoa. Pimeni kamba za msingi zikiwa zimefungwa kabla jembe halijagusa ardhi, pimeni tena kabla ya kila slabu, na mara ya mwisho kenchi zikipanda. Jirani wa kila upande awepo, ashike ncha ya tepu yeye mwenyewe.

Katibu_Bangwe

Fundi, la jirani kushika ncha ya tepu naliandika kama ulivyolisema.

Swali la mwisho, mnisamehe. Ramani ya binamu ililetwa kabla ya haya yote. Inahukumiwa kwa karatasi ipi?

Ramani_Tabora

Kwa iliyokuwepo siku aliyoileta. Hata ile SB 330 imeweka hivyo: maombi ya awali yakishawasilishwa na ada kulipwa, mradi unahukumiwa kwa vigezo vya siku hiyo. Ya kwenu ilisema heshima tu, na hamna namna ya kumwonyesha alipoivunja. Mwombeni, msimlazimishe. Mpelekee hesabu ya jua la magharibi, huenda akaongeza roshani kwa faida yake mwenyewe.

Dada_wa_Mwanga

Na taa ya ngazi inakaa kwenye luku ya nani?

Katibu_Bangwe

Ya mwenye nyumba. Naiandika sasa hivi.